Mzee anavua barakoa ya CPAP saa nane usiku bila kujijua: tuanzie wapi?

Pumzi_Tulivu

Habari za saa hizi wakuu. Naomba msaada kuhusu mzee wangu, ana miaka 61. Alipimwa usingizi akakutwa na apnia ya koo kuziba, yaani pumzi kukatika usingizini, matukio 34 kwa saa. Leo ni siku ya 16 tangu aanze mashine ya CPAP ya kujirekebisha yenyewe, ile inayosukuma hewa ili koo lisifunge.

Mipangilio iko hivi: presha ya hewa kuanzia 4 hadi 20, rampu (muda wa presha kupanda taratibu) dakika 45, EPR (nafuu ya presha anapotoa pumzi) imezimwa, unyevu namba 3, mpira wa hewa ni wa kawaida usiopashwa joto. Barakoa ni ya puani, saizi ya kati. Mashine ni AirSense 10.

Anapanda kitandani saa nne na robo. Dakika za mwanzo anasema hewa haimtoshi, anaivuta kwa nguvu. Usingizi ukimpitia anatulia, ila kabla ya saa nane barakoa imeshatoka. Anaivua mwenyewe na asubuhi hakumbuki. Akiamka mdomo umekauka, tumbo limejaa hewa, na mwanzi wa pua una alama nyekundu kwa sababu tumekuwa tukikaza mikanda kila siku ili isivuje. Kioo cha mashine leo asubuhi: matumizi saa 3 na dakika 40, AHI (matukio ya pumzi kukatika au kupungua kwa saa) 9.2, mvujo 38. Presha ya asilimia 95, yaani ile ambayo haikupitwa kwa asilimia 95 ya muda, ni 11.6.

Ameanza kusema alikuwa analala vizuri zaidi bila mashine. Naogopa ataiacha. Tuanzie wapi, na lipi ni la kumpelekea daktari?

FundiWaUsingizi

Mpe mzee pole sana, na umwambie hajashindwa. Namba ulizoandika zinaeleza karibu kila kitu anacholalamikia.

Anza na mvujo. Kwenye mashine hiyo namba hiyo ni ya hewa inayopotea bila kukusudiwa, na mpaka wake ni lita 24 kwa dakika. Yeye ana 38. (Mashine za kampuni nyingine huhesabu pia hewa inayotoka kwenye vitundu vya barakoa, kwa hiyo usilinganishe namba yake na ya mtu mwenye mashine tofauti.) Mvujo ukipita hapo, mashine inapoteza uwezo wa kutambua vizuri koo linapofunga, hivyo hata hiyo AHI ya 9.2 usiitegemee sana kwa sasa. Tena hewa inayotoroka inapiga kelele, inapuliza machoni, na kila mara inamtoa mtu kwenye usingizi mzito bila yeye kukumbuka. Kwa hiyo rekebisha mvujo kabla hujagusa kitu kingine.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea: mikanda kukazwa hakuzuii mvujo, mara nyingi kunauongeza. Silikoni ya barakoa ina kuta mbili. Ule wa nje, mwembamba, unatakiwa kujaa hewa na kujilaza juu ya ngozi kama shavu lililovimba. Ukiukandamiza unakunjika, na kwenye kila kunjo hewa inapata njia. Alama nyekundu kwenye mwanzi wa pua ni ushahidi kwamba mmeshapita kiasi.

Fanyeni hivi leo usiku. Mzee anawe uso kwa sabuni na aukaushe vizuri, asipake mafuta wala losheni sehemu silikoni inapogusa. Legezeni mikanda yote minne hadi barakoa ining'inie. Alale kwenye mto wake, ubavu ule anaoupenda, kwa sababu uso wa aliyekaa na uso wa aliyelala havina umbo moja: nyama ya shavu inashuka, taya linarudi nyuma. Washeni mashine. Kwenye menyu kuna kipimo cha barakoa ambacho kinapuliza kwa presha ya kawaida ya usiku kwa muda mfupi. Kitumieni hicho, maana ukirekebisha barakoa kwenye presha ya 4 ya rampu utadanganyika. Hewa ikiwa inapuliza, ivute barakoa mbele kidogo kutoka usoni, kama upana wa kidole, acha silikoni ijae, kisha irudishe taratibu ikae yenyewe. Sasa kaza mikanda ya chini, kulia na kushoto kwa pamoja, kidogo kidogo, mpaka mlio ukome. Ya juu iwe ya mwisho na iwe laini zaidi. Kidole kimoja kipite chini ya kila mkanda bila kulazimisha. Mwambie ageuke ubavu wa pili, msikilize tena.

Ikiendelea kuvuja juu karibu na macho, kwa kawaida saizi ni kubwa. Ikivuja kwenye kona za pua na kubana tundu, ni ndogo. Usitegemee saizi ya kati aliyopewa bila kupimwa. Watu wengi wa barakoa za puani wanahitaji saizi ya chini kuliko wanavyodhani.

La pili ni hiyo hewa isiyotosha. Presha ya 4 ni ndogo mno kwa mtu mzima aliyezoea kupumua kwa uhuru. Anapovuta pumzi, mashine inamletea hewa pole pole, na ile anayoitoa haisukumwi vizuri kwenye vitundu vya barakoa. Ndiyo maana anahisi kama anapumulia ndani ya mfuko. Halafu rampu ya dakika 45 inamweka hapo hapo muda wote anaohangaika kutafuta usingizi. Rampu iliwekwa kumsaidia, ila kwake inamsumbua. Mkiweza kuibadilisha kwenye menyu ya mgonjwa, ipunguzeni hadi dakika 10 au muiweke kwenye Auto, ambayo inasubiri mtu alale ndipo ipande.

Presha ya chini yenyewe si ya kubadilisha nyumbani. Pigieni kliniki simu, waambieni: "Presha ya asilimia 95 ni 11.6, anakosa hewa kwenye 4, je, kiwango cha chini kinaweza kupandishwa hadi 6 au 7, na cha juu kishushwe kutoka 20?" Ombi lenye namba linajibiwa haraka kuliko malalamiko ya jumla. Mashine nyingi zina modemu, wanaweza kubadilisha wakiwa ofisini kwao.

Mkiwa kwenye simu muulizeni pia EPR. Hiyo inashusha presha wakati wa kutoa pumzi kwa 1, 2 au 3. Lakini haiwezi kushuka chini ya 4. Ndiyo maana mtu mwenye presha ya chini ya 4 akiwasha EPR 3 hasikii tofauti yoyote mwanzoni mwa usiku. Presha ya chini ikiwa 7, EPR 3 inamfanya avute kwa 7 na atoe kwa 4, na hapo atakuona mkombozi.

Zamu_ya_Usiku

Nakubaliana na Fundi kuhusu mpangilio wa kazi. Naongeza kuhusu ile saa nane.

Kuvua barakoa bila kujijua si ukaidi. Mwili umeamka nusu, mkono ukaondoa kitu kinachokera. Swali ni kipi kinakera saa hiyo. Vipindi vya usingizi wa ndoto huwa virefu zaidi sehemu ya pili ya usiku, na ndani yake misuli ya koo inalegea kuliko wakati mwingine wowote. Koo linafunga zaidi, mashine inapandisha presha kufuata, barakoa ambayo saa tano ilikuwa imetulia inaanza kuvuja kwenye presha ya 11, na mkono unainuka. Kwa maneno mengine, anaivua wakati ule ule anapoihitaji zaidi. Kwa hiyo saa 3 na dakika 40 za mwanzo wa usiku si nusu ya tiba. Zile za alfajiri ndizo zenye uzito.

Mwambie mzee kanuni moja tu: akishtuka akakuta barakoa haipo, airudishe saa hiyo hiyo, hata kama imebaki saa moja kupambazuke. Asijilaumu, asitazame saa, airudishe tu. Wewe au mama mkimkuta nayo pembeni, mwamsheni kwa upole aivae. Mashine nyingine zina tahadhari ya mvujo inayolia barakoa ikitoka, angalieni kama yenu inayo. Iwasheni kwa wiki chache kama mlio hautawaamsha watu wote.

Sasa mdomo mkavu. Barakoa ya puani inasukuma hewa puani, mdomo ukifunguka inatokea hapo. Hewa inayopita upande mmoja usiku kucha inakausha ngozi ya ndani ya pua, pua inavimba na kuziba, mtu anafungua mdomo zaidi, hewa inatoka zaidi. Ni mzunguko, na unakatwa kwenye pua. Muulizeni: kabla ya kulala pua zote mbili ziko wazi? Kama hapana, asafishe kwa maji ya chumvi ya kusafishia pua, yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Dawa ya pua ya steroidi husaidia wenye mzio lakini inachukua siku kadhaa hadi wiki kufanya kazi, na iandikwe na daktari. Zile dawa za matone za kuzibua pua papo hapo zisizidi siku 3 hadi 5, kwa sababu zikizidi hapo pua inaziba kuliko mwanzo.

Unyevu uupandishe kutoka 3 hadi 5. Hatua moja kila usiku.

Kuhusu kusema alilala vizuri bila mashine: anaamini hivyo kwa sababu yale matukio 34 kwa saa hakuwa akiyakumbuka, na sasa anakumbuka kila mara barakoa inapomsumbua. Msibishane naye. Mchana akiwa macho, akisikiliza redio au taarifa ya habari, avae barakoa bila mpira kwa dakika 10. Siku inayofuata aunganishe mpira na mashine ikiwa inapuliza, dakika 30, akiwa amekaa. Halafu usingizi mfupi wa mchana akiwa nayo. Lengo ni ubongo uache kuihesabu barakoa kama kitu kigeni. Tahadhari moja: barakoa ikiwa imeunganishwa na mpira, mashine lazima iwe imewashwa. Mashine ikiwa imezimwa anarudia kuvuta hewa aliyoitoa.

Na asiendeshe gari wala kupanda ngazi ndefu kufanya kazi juu akiwa bado anasinzia mchana. Hilo halisubiri.

Kobe_Mpole

Kwa mdomo kufunguka wengi wanabandika plasta midomoni na mvujo unashuka siku hiyo hiyo. Mzee ajaribu.

Zamu_ya_Usiku

Kobe, hapana kwa mzee huyu. Plasta mdomoni inahitaji pua iliyo wazi usiku mzima, na dalili alizoandika dada zinaonyesha pua inaziba. Tumbo lake pia linajaa hewa. Akitapika usingizini mdomo umefungwa, matapishi yanarudi kwenye njia ya hewa. Na kama umeme ukikatika barakoa ikiwa puani, mdomo ndio mlango wa dharura.

Njia salama zaidi ni mkanda wa kidevu, ingawa kwa wengine unashikilia taya lakini midomo inabaki kuvuja. Usipotosha, barakoa ya pua na mdomo. Hiyo ina vali ndogo inayofunguka mashine ikizima, ili mtu apumue hewa ya chumbani. Ubaya wake ni kwamba ina eneo kubwa la kugusana na uso, kwa hiyo huvuja kirahisi zaidi na huhitaji uvumilivu kwenye kuiweka. Ningeanza na pua na presha kwanza, barakoa nyingine iwe hatua ya baadaye.

Jambo moja ambalo halitajwi mara nyingi: barakoa nyingi zina vibanio vya sumaku. Kama mzee, au mtu anayelala naye kitanda kimoja, ana kifaa cha moyo au chuma cha kitabibu mwilini, sumaku hizo zikae mbali nacho angalau sentimita 15, au achukue barakoa yenye vibanio vya plastiki.

FundiWaUsingizi

Shukrani Zamu, hilo la sumaku ni muhimu.

Dada, tumbo sijaligusa. Hewa inaingia tumboni pale presha inapozidi nguvu ya mlango wa juu au wa chini wa umio, au mtu anapomeza mate akiwa nusu macho na hewa ikapita pamoja nayo. Kila anaposhtuka anameza. Kwa hiyo ukipunguza kushtuka, yaani mvujo, tumbo nalo hupungua bila dawa. Zaidi ya hapo: asile chakula kizito ndani ya saa 3 kabla ya kulala, alalie ubavu wa kushoto, na muinue kichwa cha kitanda sentimita 15 hivi kwa kuweka vipande imara vya mbao chini ya miguu ya upande wa kichwani.

Naomba usielewe hilo kama kuongeza mito. Mito mitatu inakunja shingo, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inabanwa kama mpira wa maji uliokunjwa. Presha haiwezi kuifungua njia iliyokunjwa hivyo, mashine itapanda hadi 15 au 16 ikijaribu, na tumbo litajaa zaidi. Kama mnataka kujua, wekeni kadi ya SD kwenye mashine kabla ya kulala na msome usiku mzima kwa programu ya bure ya OSCAR kwenye kompyuta. Matukio ya kidevu kukunja shingo huja kwa mafungu: nusu saa imejaa mistari, kisha saa nzima hakuna kitu. Ukiona hivyo, tafuta mto mmoja usio mrefu.

Humo humo tazama matukio yaliyoandikwa CA. Hayo si koo kufunga. Ni ubongo kuchelewa kuamrisha pumzi. Wiki za mwanzo huwa yanajitokeza kwa baadhi ya watu na kwa wengi huisha yenyewe. Yakiwa mengi kuliko matukio mengine, au yakizidi 5 kwa saa wiki hadi wiki, hilo ndilo la kumpelekea daktari, na presha isipandishwe kabla hajaona.

Pumzi_Tulivu

Asanteni sana jamani. Usiku wa nne leo. Mikanda imelegezwa kama mlivyosema, mvujo ni 17. Kliniki wameweka 7 hadi 13, EPR 3, rampu Auto. Jana matumizi saa 5 na dakika 10, AHI 4.8, na anasema ile ya kukosa hewa mwanzoni imekwisha.

Kumekuja jipya. Tangu tupandishe unyevu hadi 5, alfajiri mpira unabubujika kama mtu anapuliza mrija kwenye maji, na mara mbili amerushiwa matone puani akashtuka. Turudishe 3? Na tunatumia maji ya bomba yaliyochemshwa, ni sawa?

FundiWaUsingizi

Kazi nzuri, dada. Mpongeze mzee.

Hayo ni maji ya mvuke unaopoa njiani. Hewa inatoka kwenye tangi ikiwa vuguvugu na imejaa unyevu, inapita kwenye mpira wa karibu mita 2 ndani ya chumba ambacho alfajiri kimepoa, mvuke unageuka matone kwenye kuta za mpira, yanakusanyika pale mpira ulipolegea na kuning'inia chini. Kububujika unakokusikia ni hewa inayopita kwenye dimbwi hilo dogo.

Shusha hadi 4, usirudi 3, pua yake bado inahitaji. Kisha upashe mpira joto: upitisheni chini ya blanketi kando ya mwili wake, au muuvishe ala ya kitambaa. Mashine iwe chini ya usawa wa godoro, mfano kwenye kistuli kifupi, ili matone yarudi kwenye tangi badala ya kuelekea puani. Kama kliniki wana mpira unaopashwa joto unaoendana na mashine yenu, hilo ndilo suluhisho la kudumu. Joto lake linapangwa kati ya nyuzi 16 na 30, na mtu akipata matone anapandisha joto la mpira, hapunguzi. Hewa yenye joto inabeba unyevu mwingi bila kuudondosha.

Maji ya kuchemsha yanaua vijidudu lakini chumvichumvi zinabaki, tena zinakolea. Baada ya muda tangi linapata ukoko mweupe chini. Bora maji yaliyokenekwa (distilled). Yakikosekana usiku mmoja mbili, yaliyochemshwa na kupoa hayana madhara kwake, ila ukoko mtausafisha kwa siki, sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji, kisha msuuze sana. Jazeni tangi usivuke mstari, na msiihamishe mashine tangi likiwa na maji; yakiingia kwenye mota mashine imekwisha.

Zamu_ya_Usiku

Usafi ukiwa tayari kwenye mada: silikoni ioshwe kila asubuhi kwa maji vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, ikauke kivulini. Maji yaliyobaki kwenye tangi yamwagwe kila siku, yasiongezewe juu yake. Mpira na mikanda mara moja kwa wiki. Filta ya nyuma ikiwa ya karatasi haioshwi, inabadilishwa karibu kila mwezi, mapema zaidi chumba kikiwa na vumbi. Msitumie klorini, spiriti, wala mashine za kusafisha kwa ozoni. Ozoni inaharibu vifaa na mabaki yake huvutwa mapafuni.

Alama nyekundu ikiwa bado ipo nusu saa baada ya kuvua barakoa, bado imekazwa mno. Ngozi ikichubuka wekeni kipande cha kitambaa laini cha pamba kati ya silikoni na mwanzi wa pua, na muombe barakoa ya aina nyingine isiyogusa hapo, kama ile ya vipira viwili vinavyokaa kwenye tundu za pua. Vaselini isiguse silikoni kabisa, inaiharibu.

Saa 5 na dakika 10 si mwisho. Usiku wowote atakaolala macho dakika 20 akihangaika, aivue, aende akae sebuleni taa ikiwa hafifu mpaka usingizi urudi, ndipo arudi kitandani na aivae upya. Kulala akipigana nayo gizani kunamfundisha mwili kuwa kitanda ni mahali pa kuhangaika. Na mbadilishe kitu kimoja kwa usiku tatu, muandike mvujo, AHI na saa za matumizi kwenye daftari. Mkigusa unyevu, presha na barakoa usiku mmoja, hamtajua kilichomsaidia ni kipi.

Pumzi_Tulivu

Nimeelewa. Leo tunashusha unyevu hadi 4 na mashine inahamia kwenye kistuli, basi. Nitaleta namba za usiku tatu.